Mfumo Endeshi wa Mtandao: Historia ya Dhana na Tatizo la Kisawe

Katika kazi ya kuunda istilahi hutokea mara nyingi kwamba neno moja la kigeni linatufikia likiwa limebeba dhana zaidi ya moja, nasi, kwa haraka ya kukamilisha orodha, tukalipatia kisawe kimoja na kudhani kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuchunguza mfano mmoja wa jambo hilo, yaani istilahi mfumo endeshi wa mtandao.

Sababu ya kuichagua istilahi hii ni waraka mmoja wa zabuni, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ambao uliletwa mezani petu pamoja na malalamiko. Ofisi iliyoutoa ilitaka kununua programu ya kuendeshea seva ambamo wafanyakazi wake wangehifadhi mafaili yao kwa pamoja. Mzabuni alileta bei ya programu ya kuendeshea vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao. Kila upande ulisoma maneno yale yale, na kila upande ulikuwa na haki ya kuyaelewa kama ulivyoyaelewa. Kisawe hicho kilikuwa kimepita mikononi mwetu, na hatukukiandikia maelezo yoyote. Kwa hiyo hatuwezi kumtupia mfasiri lawama. Lililo letu ni kuitazama upya dhana yenyewe, tangu ilipozaliwa.

1. Mfumo endeshi wa kawaida

Kompyuta za mwanzo kabisa, zile za miaka ya 1940, hazikuwa na mfumo endeshi. Mtu aliyekuwa na hesabu zake aliitwaa mashine yote, akaiendesha mwenyewe, kisha akampisha mwenzake. Mashine zilikuwa ghali mno, na muda uliopotea baina ya mtu na mtu ulikuwa hasara kubwa. Ndipo zikatungwa programu za kuisimamia mashine yenyewe. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, ulionyeshwa mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuutunga mfumo wa UNIX katika maabara ya Bell. Kompyuta ndogo zilipotokea, Gary Kildall alitunga CP/M mwaka 1974, na mwaka 1981 kompyuta ya IBM ya mtu binafsi ilitolewa pamoja na mfumo wa DOS kutoka kampuni ya Microsoft.

Mifumo hiyo inatofautiana sana kwa ukubwa na uwezo, lakini kazi zake za msingi ni zile zile: kugawa nafasi katika kumbukumbu, kupanga mafaili katika diski, na kusimamia vifaa kama vile printa na kibodi. Yote pia imejengwa juu ya dhana moja ambayo kwa kawaida haisemwi wazi, nayo ni kwamba mfumo endeshi ndio mtawala pekee wa mashine yake.

Watumishi wa serikali watalielewa jambo hili kwa kuifikiria masijala. Masijala yenye karani mmoja na daftari moja la majalada inaweza kuwahudumia maofisa wengi bila fujo, kwa sababu hakuna jalada linaloingia au kutoka pasipo kuandikwa katika daftari hilo. CTSS na UNIX zilikuwa masijala za namna hiyo: wateja wengi, karani mmoja. DOS ilikuwa masijala ya ofisa mmoja tu.

2. Diski moja, madaftari mengi

Tatizo jipya lilizuka pale mashine ndogo zilipokuwa nyingi katika jengo moja. Diski ngumu na printa nzuri zilikuwa na bei kubwa, na haikuwezekana kumnunulia kila mfanyakazi vifaa vyake. Njia ya kuziunganisha mashine kwa waya ilikuwepo: Robert Metcalfe na David Boggs walikuwa wamebuni Ethernet katika maabara ya Xerox huko Palo Alto tangu mwaka 1973. Kilichokosekana ni utaratibu wa kushirikiana.

Jaribio la kwanza lilikuwa ni kuishirikisha diski yenyewe. Kampuni ya Corvus, kwa mfano, iliuza diski ngumu ambayo kompyuta kadhaa za Apple II ziliweza kuifikia kwa waya. Hapo ndipo ile dhana ya mtawala pekee ilipoleta matatizo. Kila kompyuta ilikuwa na mfumo endeshi wake, na kila mfumo uliweka katika kumbukumbu yake orodha ya nafasi zilizo wazi katika diski. Kompyuta ya kwanza ikiandika faili mahali fulani, ya pili haina habari. Nayo huandika lake papo hapo, na faili la kwanza huharibika. Ni sawa na makarani wawili, kila mmoja na daftari lake, wanaopanga majalada katika kabati moja bila kusemezana.

Dawa iliyotumika ilikuwa kuigawa diski vyumba vyumba, kila kompyuta na chumba chake. Fujo ilipungua, lakini ushirikiano wenyewe nao ukatoweka. Watu wawili waliotaka kufanya kazi katika orodha moja ya mishahara hawakuweza kufanya hivyo kwa usalama.

3. Kuzaliwa kwa dhana

Ufumbuzi uliovuma zaidi ulitoka Utah, Marekani. Kampuni iliyokuja kuitwa Novell iliwaajiri mwaka 1981 vijana wachache, miongoni mwao Drew Major, ili waziunganishe kompyuta zake. Kazi yao ilizaa bidhaa iliyopewa jina la NetWare mwaka 1983. Walichokibadili ni kitu kinachoshirikiwa: badala ya kuishirikisha diski, walishirikisha mafaili.

Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo kiini cha makala haya. Katika utaratibu wao kompyuta ya mtumiaji haikuigusa diski kamwe. Ilipeleka ombi kwa kupitia waya: nifungulie faili fulani, nisomee rekodi fulani, nifungie rekodi hii hadi nimalize kuiandika. Seva peke yake ndiyo iliyoshika daftari la diski. Iliyapokea maombi ya wote, ikayapanga, ikatazama ni nani mwenye ruhusa ya kusoma na nani ya kuandika, kisha ikajibu. Kazi za kuchapa nazo zilipangwa foleni katika seva hadi printa ilipopata nafasi. Karani akawa mmoja tena, ingawa ofisi zilikuwa mbali mbali.

Upande wa pili wa utaratibu huo ulikuwa katika kompyuta ya mtumiaji. Mfumo wa DOS uliendelea kufanya kazi yake kama kawaida, lakini mbele yake iliwekwa programu ndogo mithili ya bawabu. Mtumiaji alipoomba faili la diski A au C, bawabu alilipisha ombi liende kwa DOS. Alipoomba faili la diski F, ambayo haikuwa ndani ya mashine yake, bawabu alilichukua ombi hilo, akalipeleka kwa seva, na kuleta jibu kana kwamba limetoka papo hapo. Programu za watumiaji hazikuhitaji kujua kwamba faili liko chumba kingine.

Basi mfumo endeshi wa mtandao, kwa maana yake ya asili, una nusu mbili. Nusu moja ipo katika seva, nayo ni mfumo endeshi kamili uliotungwa kwa kazi ya kuhudumia maombi, wala haukukusudiwa mtu akae mbele yake kuandika barua. Nusu ya pili ipo katika kompyuta ya mtumiaji. Haiuondoi mfumo wa kawaida, bali inausaidia kufika mahali ambapo usingefika wenyewe.

4. Mpaka na dhana jirani

Mwaka 1985 Andrew Tanenbaum na Robbert van Renesse, wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam, walichapisha makala yaliyofafanua mpaka baina ya dhana hii na nyingine inayofanana nayo. Katika mfumo endeshi wa mtandao kila kompyuta inabaki na mfumo wake, na mtumiaji anajua kwamba kuna mashine nyingi: anajua faili lake liko seva gani, na lazima ajitambulishe kwa seva hiyo. Katika mfumo endeshi tawanyifu, mashine nyingi zinaendeshwa kwa pamoja kiasi kwamba mtumiaji anaona kama kompyuta moja tu, bila kujua kazi yake inafanyika katika mashine ipi. Kigezo chao, kwa maneno yetu, ni hiki: je, mtumiaji anaiona mipaka ya mashine au haioni? Mfasiri anayezichanganya dhana hizi mbili anampotosha mwanafunzi katika jambo ambalo waandishi hao walilitenga kwa makusudi.

5. Kumezwa kwa dhana na kurejea kwa jina

Utengano baina ya mfumo wa kawaida na ule wa mtandao haukudumu. Toleo la UNIX lililotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983 lilikuwa tayari na itifaki za TCP/IP ndani yake. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa Windows for Workgroups, ambamo kila kompyuta iliweza kutoa na kupokea mafaili, na mwaka 1993 ikatoa Windows NT. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilikua pamoja na intaneti. Kazi ambazo zamani zilinunuliwa pekee zikawa sehemu ya kawaida ya kila mfumo endeshi, na leo hata simu ya mkononi inazo. Novell yenyewe, mwaka 2005, ilitoa huduma za NetWare juu ya Linux.

Hata hivyo jina halikufa. Lilihamia nyumba nyingine. Vifaa vinavyoelekeza ujumbe katika mtandao, yaani ruta na swichi, navyo ni kompyuta, na vina mifumo endeshi yake, kama vile IOS ya Cisco na Junos ya Juniper. Wataalamu wa vifaa hivyo huiita mifumo hiyo kwa jina lile lile la Kiingereza lililoitwa NetWare. Lakini mifumo hii haishughulikii mafaili ya wafanyakazi wala foleni za printa. Kazi yake ni kuamua ujumbe upite njia gani. Mzabuni wetu alikuwa anasoma maana hii ya pili, na ofisi ile ya kwanza.

6. Kisawe cha Kiswahili

Sisi tuliipokea istilahi hii kwa kuchelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katika miaka ambayo dhana hii ilikuwa ikizaliwa huko Marekani, kompyuta zilikuwa chache sana kwetu. Maana zilizofuatana kwa miaka zilitufikia zote kwa mkupuo, chini ya jina moja, bila historia yake. Zaidi ya hayo, neno mtandao lenyewe limepanuka: kwa msemaji wa kawaida leo, kitu cha mtandao ni kitu kinachopatikana katika intaneti. Na kiunganishi -a, ambacho ni hodari kwa kuunganisha, hakisemi kama mtandao ndio unaoendeshwa, au ndio mahali pa kuendeshea, au ndio chombo cha kupitia.

Wapo wanaopendekeza tuseme mfumo endeshi wa seva. Pendekezo hilo ni fupi na linaeleweka, lakini linaisahau ile nusu iliyoko katika kompyuta ya mtumiaji, na hivyo linaikata dhana vipande. Sisi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mfumo endeshi wa mtandao ibaki kuwa istilahi ya dhana ya asili, ile ya kushirikisha mafaili na printa, na ielezwe kila inapotajwa mara ya kwanza katika kitabu. Pili, mifumo ya ruta na swichi iitwe mfumo endeshi wa vifaa vya mtandao. Tatu, ile isiyoonyesha mipaka ya mashine iitwe mfumo endeshi tawanyifu. Katika nyaraka za manunuzi, ambako kosa la neno ni hasara ya fedha za umma, ni heri kuitaja kazi yenyewe: programu ya kuendeshea seva ya mafaili, kwa mfano.

Mfasiri anapokutana na istilahi hii ajiulize: ni nini kinachoshirikiwa, ni nani anayeshika daftari, na je, mtumiaji anaiona mipaka ya mashine? Majibu ya maswali hayo yatamwonyesha kisawe kinachofaa. Orodha yetu tumekwisha kuianza kuirekebisha, na tutafurahi kupokea maoni ya wasomaji, hasa ya walimu ambao wanafunzi wao ndio watakaoyatumia maneno haya.