Kumi Kumi: glasi ya shilingi kumi

Tukiongea mihadarati huwa tunakimbilia bangi na tembe zinazouzwa nyuma ya stegi. Leo nataka tuongee chang'aa, juu historia yake inauma na shuleni hatukufunzwa.

Hii vita ilianza kitambo. Enzi za mkoloni, Wanubi wa Kibera, wengi wao familia za askari, walipika pombe kali iliyojulikana Nairobi nzima kama Nubian gin. Serikali ikaiharamisha. Lakini miaka ya 1920 baraza la mji lenyewe lilikuwa linauza pombe kwa kilabu chake Pumwani, na faida ikalipia huduma za Waafrika. Yaani ulewe ndio ujengewe! Tangu hapo shida ya serikali haikuwa ulevi peke yake, ilikuwa pia nani anauza.

Mwaka wa 1980 chang'aa ikapigwa marufuku na sheria yake kabisa. Je, watu waliacha? Wapi. Mama pima alihamia mtoni na kwa vichochoro, na kitu kikijificha hakuna anayekipima. Hapo ndipo methanoli iliingia. Hiyo ni alkoholi ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na kadhalika. Muuzaji anaongeza kidogo ili mtungi ujae na "ishike" haraka. Mwilini inageuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Kibaya ni kwamba haikuangushi papo hapo. Unalewa kawaida, unalala. Mjomba wangu aliamka saa nne asubuhi, jua limewaka, akauliza mbona hatujawasha taa. Alikuwa fundi cherehani.

Novemba 2000, Mukuru hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Enzi hizo jina lilikuwa Kumi Kumi, kwa sababu glasi ilikuwa shilingi kumi. Fikiria bei hiyo kwanza kabla uanze kusema "si wangeacha tu." Mtu wa kibarua hakuwa anachagua kati ya chang'aa na bia ya chupa.

Mwaka wa 2004 ikaja Senator Keg, iliyopunguziwa ushuru makusudi ili mlalahoi apate kitu safi. 2010 sheria ya Mututho ikahalalisha chang'aa, bora iwe na leseni na iwekwe kwa chupa ya glasi. Mama pima atatoa wapi pesa ya chupa? Halafu mwisho wa 2013 serikali ikarudishia keg ushuru, bei ikapanda. Mei 2014 watu zaidi ya 80 wakafa Embu, Kitui, Kiambu na Makueni. Siwezi kuapa kwamba ushuru ndio uliwaua. Lakini mwaka uliofuata punguzo la keg lilirudishwa, tena kubwa, na hilo linaniambia hata wao walipiga hesabu.

Ile ya Kirinyaga, Februari 2024, ndiyo imenikwama kooni. Watu 17 walikufa. Serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilikuwa imenaswa tayari, imewekwa kituo cha polisi kama ushahidi wa kesi, kisha ikatoka ikarudi sokoni. Mwezi uliofuata tukatangaziwa msako mwingine, nchi nzima.