Tansio Haitoki kwa Uzee Peke Yake

Mzee wa Mpofi akiambiwa ana tansio, watu husema: «Ni uzee tu.» Zamani wanganga wengi wa Ulaya nao walifikiri hivyo: miaka ikizidi, damu hainabudi kusukuma mishipa kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1929 Munganga Donnison, aliyetumika Kenya karibu na ziwa Victoria, aliandika habari za watu 1000 wa inchi ile aliowapima. Kumbe, baada ya miaka 40 tansio yao haikupanda, ilielekea kushuka!

Basi, sababu ni nini? Mwaka 1990 Munganga Poulter na wenzake walieleza jinsi walivyowafuata vijana Waluo waliotoka vijijini kuhamia Nairobi. Tangu mwezi wa kwanza tansio yao ilipita ile ya ndugu zao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi, na moyo wao ulipiga upesi zaidi. Damu ni ile ile ya ukoo; maisha ndiyo yaliyogeuka.

Jambo hili latugusa. Tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanza Ntoto katika Walikale, wazee wengi wa Masisi na Walikale wameacha mashamba yao, wakakaa mijini na kambini. Chakula chao kimegeuka, na moyo hauna amani.

Basi katekista anayewatembelea asiseme: «Ni uzee.» Awapeleke wapimwe, hata wasiposikia maumivu, maana tansio huua kimya. Awashauri na wapishi wapunguze chumvi chunguni. Kumheshimu mzee ni kulinda pia miaka yake.