Mafua, Magazeti na Vifo Visivyohesabiwa: Hoja kutoka Tassia

Mlipuko wa mafua unapotulia, hudaiwa kwamba vyombo vya habari vilitia chumvi. Ushahidi unaotolewa ni hesabu ya vifo: waliotangazwa kufa ni wachache, basi hofu ilikuwa ya bure. Makala haya yanapinga hoja hiyo, na yanaipinga kutoka Tassia, mtaa wa maghorofa yaliyosongamana huko Embakasi, Nairobi, kwa kuwa hapo udhaifu wa hesabu hiyo unaonekana waziwazi.

Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza homa ya H1N1, iliyoitwa homa ya nguruwe, kuwa janga la dunia. Mwishoni mwa mwezi huo Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi Mwingereza aliyefika Kisumu na wenzake. Janga lilipotangazwa kwisha Agosti 2010, vifo vilivyothibitishwa na maabara duniani kote vilikuwa kama 18,500, na wabunge wa Baraza la Ulaya walikuwa wamekwisha kulilaumu Shirika hilo kwa kuzusha hofu isiyo na msingi. Mwaka 2012, watafiti walioongozwa na Fatimah Dawood walikadiria katika jarida la The Lancet Infectious Diseases kwamba virusi hivyo viliua takriban watu 284,000 katika mwaka wake wa kwanza, zaidi ya mara 15 ya idadi ile. Zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki.

Pengo hilo si fumbo kwa mkazi wa Tassia. Mtu akishikwa na homa na kikohozi huanzia kwenye duka la dawa chini ya ghorofa, hununua vidonge, na alfajiri hupanda matatu kwenda kazini. Hakuna anayemchukua sampuli puani. Mtoto wake akizidiwa na kufariki, cheti kitaandikwa nimonia. Nairobi inajua mengi kuhusu mafua yake kwa sababu ya kazi kama ile ya Kibera, ambako Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, ikishirikiana na Wamarekani, ilifuatilia kaya kwa miaka mingi na kuzipa matibabu bila malipo. Watu walipotibiwa bure, sampuli zilipatikana. Pasipo na utaratibu wa namna hiyo, uchache wa vifo kwenye taarifa unaonyesha uchache wa vipimo, na mhariri anayeutumia kusema kwamba hatari haikuwepo anawafuta maskini mara ya pili.

Nakubali kwamba kuna hofu iliyodhuru. Mwaka 2005 na 2006 habari za homa ya ndege ziliangusha soko la kuku nchini, ilhali virusi vya H5N1 havikuwa vimepatikana Kenya. Wafugaji wadogo waliumia. Lakini kosa halikuwa kutoa onyo, maana Nigeria ilithibitisha ugonjwa huo Februari 2006. Lililopaswa kurudiwa kila siku ni kwamba ndege wa Kenya hawajaambukizwa, na kwamba nyama iliyopikwa ikaiva haina hatari.

Kwa hiyo ninaloona kuwa na upungufu ni maudhui, si wingi wa habari. Ushauri hutolewa uleule: ukiugua, kaa nyumbani. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara. Kibarua wa kutwa, anayelipwa jioni na kuitwa upya asubuhi, hana kinga hiyo, naye ndiye anayejaza ngazi na matatu za Tassia. Mwandishi wa afya aliulize hilo katika wiki ya kwanza ya mlipuko: awaulize wenye viwanda nani atamlipa kibarua anayekohoa, na aiulize Wizara ya Afya ni sampuli ngapi zimepimwa, na kutoka mitaa gani.