Mwani ukiwa hai si dalili kuwa maji ni salama

Wengi wetu tukisikia mwani tunafikiria majani ya baharini yanayofungwa kwenye kamba na kina mama wa Kibuyuni na Mkwiro, Kaunti ya Kwale. Jina hilo hujumuisha pia viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho, vile vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Mkubwa kwa mdogo, mwani hauna mizizi ya kunyonya chakula ardhini. Seli zake hupokea chakula kutoka kwenye maji yanayozizunguka, na maji yakiwa na sumu, hupokea sumu hiyo pia.

Sumu inayozungumziwa hapa ni ya metali. Shaba, zinki na chuma huhitajika na seli kwa kiasi kidogo sana, lakini zikizidi huua. Ndiyo sababu rangi nyingi zinazopakwa chini ya meli hutiwa shaba, ili mwani na viumbe wengine wasing'ang'anie. Risasi na zebaki hazina faida yoyote kwa seli. Madhara ya risasi si mageni kwetu: mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni kwa athari za kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Sumu huingiaje?

Seli ina milango maalumu ya kupitishia madini inayoyahitaji. Kadmiamu, metali inayopatikana katika baadhi ya betri na rangi, hupenya kupitia milango ya zinki, chuma au kalsiamu kwa kuwa inafanana nayo. Ikishaingia, metali yenye sumu hupokonya nafasi za madini halali. Shaba ikizidi, kwa mfano, inaweza kuiondoa magnesiamu katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Aidha, metali huchochea kuzalishwa kwa oksijeni kali inayounguza utando wa seli. Mwani hupauka na kudumaa.

Seli hujikinga vipi?

Kinga ya kwanza ni ukuta wa seli, ambao hunasa metali kabla haijaingia ndani. Mwani wa rangi ya kahawia una uwezo mkubwa wa kufanya hivyo kutokana na utelezi wake uitwao alginati.

Metali ikipenya, seli hutengeneza vipande vya protini viitwavyo fitokelatini. Hivi vina salfa, na salfa huikamata metali na kuifunga isidhuru. Mzigo huo husukumwa kwenye kifuko cha ndani kiitwacho vakuoli na kufungiwa humo. Seli nyingine zina pampu za kuitoa metali nje. Wakati huohuo, vimeng'enya huizima ile oksijeni kali.

Kazi hiyo yote hula nguvu ambayo ingetumika kukua. Mwani unaopambana na sumu unaweza kuwa hai na bado ukampa mkulima mavuno haba.

Kwa nini jambo hili lituhusu?

Seli haiwezi kuichoma metali wala kuigeuza kitu kingine. Huificha tu. Mwani unaweza kuonekana mzima, wa kijani kibichi, huku umebeba metali nyingi kuliko maji yanayouzunguka. Anayeula huirithi. Vidudu vya baharini hula mwani mdogo, dagaa hula vidudu, na samaki wakubwa hula dagaa. Zebaki huongezeka kwa kila hatua, ndiyo maana papa huwa nayo nyingi kuliko dagaa.

Uingereza ilichukua hatua mwaka 2004, pale wakala wake wa viwango vya chakula ulipowashauri watu wasile hijiki, mwani mweusi unaopendwa Japani, kwa sababu ya aseniki iliyomo.

Tabia hiyo hiyo ya kuhifadhi sumu ina manufaa yake. Maji yanayopimwa leo yanaeleza hali ya leo, ilhali mwani hukusanya kumbukumbu ya wiki kadhaa. Kwa hiyo wanasayansi huupima ili kujua afya ya bahari. Wanaochagua eneo jipya la kilimo cha mwani, hasa karibu na bandari, jaa la taka au mkondo wa majitaka, wanafaa kudai mwani wenyewe upimwe maabara kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza.