Msalaba wa Zugspitze na mabega ya watu 28

Treni ya asubuhi inayotoka Garmisch-Partenkirchen, kusini kabisa mwa Ujerumani, hujaa familia. Watoto wamevalishwa makoti mazito hata kama ni Agosti, wazazi wamebeba mikate na chupa za chai, bibi na babu wamewahi viti vya dirishani. Treni huanza kupanda kwa reli ya meno, hupita kando ya ziwa Eibsee, kisha huzama ndani ya mwamba na kutokea kwenye uwanda wa theluji. Kutoka hapo gari la kebo huwamalizia safari hadi kileleni. Mchana familia inakula soseji kwenye baraza lililo mita 2,962 juu ya usawa wa bahari, mpaka wa Austria ukiwa hatua chache tu, na jioni imerudi nyumbani. Mlima mrefu kuliko yote Ujerumani umekuwa matembezi ya siku moja.

Mbele ya baraza hilo, juu ya jiwe lililochongoka, unasimama msalaba wa dhahabu. Hakuna mtoto anayekubali kushuka bila kupigwa picha nao. Agosti 12, 2026 ni miaka 175 tangu msalaba wa kwanza usimikwe Zugspitze, na mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo ni miaka 100 tangu gari la kwanza la kebo lipande mlima huo kutoka upande wa Tirol, Austria. Gari la kebo lina watu wengi wa kulisifia. Msalaba ndio wenye kisa.

Kabla ya msalaba kulikuwa na leso. Agosti 27, 1820, Luteni Josef Naus, mpima ardhi wa jeshi la Bavaria aliyetumwa kuchora ramani ya nchi, alifika kileleni saa sita kasorobo mchana akiwa na msaidizi wake Maier na kiongozi wa njia kutoka Partenkirchen, Johann Georg Tauschl. Usiku uliotangulia walilala kwenye kibanda cha wachungaji, wakaliwa na viroboto. Hawakuwa na muda wala vifaa vya kujenga alama ya mawe, kwa hiyo Naus alichomeka fimbo fupi na kufunga leso nyekundu, iwe ushahidi kwamba wamefika. Dakika tano baadaye radi na theluji viliwatimua. Katika shajara yake aliandika kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukikanyaga kilele hicho.

Kauli hiyo ilidumu karibu miaka mia mbili, hadi mwaka 2006 ilipoibuka ramani ya kale katika hazina ya Chama cha Wapanda Milima cha Ujerumani. Ramani hiyo ya nusu ya pili ya karne ya 18 inaonyesha njia inayopita Zugspitze na kuteremkia Eibsee, na hata muda wake umeandikwa: mwendo wa saa nane na nusu. Mabishano yakazuka. Wapo wanaosema mchoraji alisimuliwa tu. Wengine wanasema muda haupimwi bila miguu kutembea, na kwamba wachungaji, wawindaji na wapitisha magendo walikijua kilele hicho kabla luteni yeyote hajakiona. Mimi nasimama na hawa wa pili. Hata Naus aliongozwa na mwenyeji, na mwenyeji haongozi njia asiyoijua kabisa.

Tuje kwenye msalaba wenyewe. Padri Christoph Ott alikuwa akipima hali ya hewa juu ya kilima cha Hoher Peißenberg, na kila siku angavu aliiona Zugspitze upande wa kusini. Ilimuuma kwamba mfalme wa milima ya Bavaria anasimama kichwa wazi, bila pambo lolote. Akachangisha fedha, na msalaba ukatengenezwa: wa chuma, umepakwa dhahabu, una urefu wa futi 14 na unafunguka vipande 28. Gharama yote ilikuwa gulden 610 na kreuzer 37, hesabu iliyowekwa hadi senti ya mwisho.

Agosti 11, 1851 wapagazi 28 waliondoka Partenkirchen wakiongozwa na Karl Kiendl, bwana misitu. Reli haikuwepo, wala kamba za chuma za kujishikia ukutani kama zilizopo leo. Aliyewahi kuwaona wapagazi wa Marangu wakipanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni kichwani atapata picha. Tofauti ni kwamba chuma hakikunjiki, hakikai vizuri begani, na kikikuponyoka kwenye jabali kinaondoka nawe. Kesho yake msalaba ulisimama kwenye kilele cha magharibi.

Radi iliupiga tena na tena. Ikabidi ushushwe, utengenezwe, na mwaka 1882 ukabebwa tena na watu hadi juu, safari hii kwenye kilele cha mashariki. Uhamisho huo ndio uliouokoa, kwani mwaka 1938 kilele cha magharibi kililipuliwa kwa baruti ili kijengwe kituo cha jeshi cha kuongozea ndege, kituo ambacho hakikujengwa kamwe. Mlima ulikatwa kichwa bure. Mwaka 1945 vita vilipokwisha, askari wa Marekani waliugeuza msalaba shabaha ya kujifunzia kulenga, na risasi zikapita katika dhahabu ya Padri Ott. Ulibaki kileleni na matundu yake hadi mwaka 1993, ulipowekwa mwingine ulioundwa kwa mfano wake.

Reli nayo haikujengwa kwa maneno. Ilianza mwaka 1928, na Julai 8, 1930 treni ya kwanza ya abiria ilifika juu. Watu kumi walikufa katika ujenzi. Gari la kebo la Eibsee lilikuja mwaka 1963, na la sasa likafunguliwa Desemba 2017, likishikiliwa na nguzo moja tu yenye urefu wa mita 127.

Kwetu Tanzania kisa hiki hakiko mbali. Oktoba 6, 1889, nchi hii ikiwa koloni la Ujerumani, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika juu ya Kibo, mlimani Kilimanjaro, wakakiita kilele jina la mfalme wa Ujerumani, na hadi Vita Kuu ya Kwanza vitabu vya Ujerumani viliitaja Kilimanjaro kuwa mlima mrefu kuliko yote wa Kijerumani, Zugspitze ikiwa chini yake. Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyebaki akilinda kambi yao ya juu kwenye baridi kali, na Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wa msafara ule. Watoto wetu wengi shuleni humtaja Meyer bila kusita. Mwini Amani hawamjui, na hilo ni kosa letu wenyewe.

Milima hii miwili inafanana pia kwa inachopoteza: barafu. Barafuto ya kusini ya Zugspitze, ile barafu ya kudumu inayotambaa polepole mlimani, iliondolewa kwenye orodha ya barafuto za Ujerumani Septemba 2022 kwa kuwa imekonda mno. Zimebaki nne nchi nzima. Msalaba nao unapoteza heshima: kileleni wageni hubandika vibandiko vya timu zao za mpira juu yake, kana kwamba ni nguzo ya taa.

Msalaba wa mwaka 1851 haujapotea. Uko katika Makumbusho ya Werdenfels, mtaa wa Ludwigstraße, Partenkirchen, na matundu yake ya risasi. Familia inayokwenda Zugspitze ipitie pale kwanza, watoto wahesabu vipande 28 vilivyobebwa kwa mabega, ndipo wapande treni.