Gesi ya Kigamboni, gesi ya Ubungo

Mbagala, Tandika au Bunju jijini Dar es Salaam, mtu akienda kubadilisha mtungi akakuta bei imepanda, swali huja lenyewe: nchi yenye gesi Songosongo na Mnazi Bay inaagizaje gesi ya kupikia kwa meli? Ni swali la haki, na kila kijiwe kina jibu lake. Siasa imo, mitaji imo. Lakini jibu la kwanza ni la kemia, nalo lilipatikana mwaka 1869, zaidi ya miaka 100 kabla ya gesi ya Songosongo kugunduliwa mwaka 1974.

Tuanzie Kigamboni, zamani sehemu ya Temeke. Huko ndiko kilikojengwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER, kilichoanza kazi mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano. Usafishaji ulipokoma miaka ya mwisho ya karne iliyopita, matangi yalibaki, na leo Kigamboni ndiyo lango kuu la gesi ya mitungi inayoshushwa kutoka melini.

Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Kwenye joto la nyuzi 30, buteni hugeuka kimiminika ikikandamizwa kwa presha isiyofika mara tatu ya ile ya hewa tunayovuta. Propeni huhitaji karibu mara 11. Chuma chembamba kinatosha kuzihimili. Zikishakuwa kimiminika, hujibana kwenye nafasi ndogo mara 200 na zaidi, ndiyo maana mtungi wa kilo 6 unaobebwa kwa mkono mmoja unapikia familia kwa siku nyingi.

Ukifungua koki, presha iliyo juu ya kimiminika hushuka kidogo, nacho huchemka papo hapo kuziba pengo. Presha hiyo inategemea joto na mchanganyiko wa gesi, haitegemei kiasi kilichobaki. Kwa hiyo moto huwaka vilevile karibu mpaka mwisho, kisha hukatika ghafla wali ukiwa haujaiva. Kuchemka nako hula joto: chuma hupoa, hutoa jasho kwa nje, na pale jasho linapoishia ndipo kimiminika kilipofika.

Hapa kuna jambo ambalo wanaohamisha gesi mitaani, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo bila mizani, wangepaswa kulijua kabla ya kugusa koki. Gesi hukubali kubanwa. Kimiminika, kama kitu yabisi, karibu hakikubali kabisa. Kwa sababu hiyo mtungi hujazwa takriban asilimia 80 hadi 85 tu ya ujazo wake. Propeni iliyo kimiminika ikipata joto hutanuka kuliko maji, mara nyingi zaidi. Ikikosa nafasi husukuma kuta, na hapo kinachoshindwa ni chuma. Mtungi uliojazwa pomoni asubuhi ya baridi ya Julai ni hatari ukisahaulika juani mchana.

Elimu ya kugeuza gesi kuwa kimiminika ilipiga hatua kubwa London mwaka 1823. Michael Faraday alifungia fuwele za klorini na maji ndani ya bomba la kioo lililopinda, akazipasha moto. Klorini ilitoka, ikakosa pa kwenda, ikajikandamiza yenyewe mpaka ikawa kimiminika cha manjano. Kufikia mwaka 1845 alikuwa amezigeuza gesi nyingi kwa kuongeza baridi kali, lakini sita zilimshinda, zikaitwa gesi za kudumu. Oksijeni na nitrojeni zilikuwemo. Metheni pia. Huko Vienna, Johannes Natterer alikandamiza baadhi yake kwa presha inayozidi mara 2,000 ya hewa, zisibadilike.

Aliyefumbua fumbo ni Thomas Andrews wa Belfast. Kwa miaka mingi aliichunguza kabonidioksidi, na mwaka 1869 akatangaza kwamba kila gesi ina joto lake la kikomo: ukivuka hapo, hata uikandamize vipi haiwi kimiminika. Kwa kabonidioksidi kikomo ni nyuzi 31. Dar es Salaam ya Februari huvuka nyuzi hizo mchana, hivyo ndani ya kizimamoto cha kabonidioksidi kilichoachwa kwenye joto hilo hakuna tena kimiminika wala gesi iliyojitenga, bali kitu kimoja kisicho na mpaka.

Kikomo cha propeni ni nyuzi 97. Cha metheni ni nyuzi 83 chini ya sifuri.

Sasa twende Ubungo, zamani sehemu ya Kinondoni. Bomba la kilomita 232 kutoka Songosongo lilifika hapo mwaka 2004, likaleta gesi ya kufua umeme. Gesi hiyo ni metheni kwa asilimia 97 hivi. Propeni na buteni zimo kidogo mno kuweza kulisha jiji. Na kwa joto letu hakuna pampu itakayoigeuza metheni kuwa kimiminika. Magari na bajaji zinazoitumia hulazimika kuibeba ikiwa gesi, kwa presha ya mara 200 hivi ya hewa, ndani ya mtungi mnene na mzito ambao hauna nafasi chini ya jiko la plate. Ili kupeleka metheni ng'ambo ikiwa kimiminika, kama inavyokusudiwa katika mradi wa Lindi, kwanza hupoozwa mpaka nyuzi 162 hivi chini ya sifuri, ibaki kimiminika bila kukandamizwa.

Kwa jikoni, basi, njia ya metheni ni bomba. Baadhi ya nyumba za Mikocheni zimeshaunganishwa. Bomba linataka mtaa uliopimwa, barabara inayochimbika na nyumba zinazojulikana mipaka yake, mambo ambayo sehemu kubwa ya Mbagala na Tandika haikupewa ilipokuwa inakua. Anayeuliza kwa nini gesi ya Songosongo haijafika jikoni kwake aanze kuwauliza waliopanga mitaa, na waliokataa kuipanga.