Hoodia: Utafiti wabaini haipunguzi hamu ya kula wala uzito

HOODIA gordonii ni mmea wenye miiba, unaofanana na dungusi kakati, ambao huota katika maeneo makavu ya kusini mwa Afrika. Kwa vizazi vingi Wasan wa Jangwa la Kalahari wamekuwa wakiutafuna wakati wa mawindo ili kutuliza njaa na kiu.

Kutokana na desturi hiyo, Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Afrika Kusini (CSIR) liliuchunguza mmea huo na kupata kiini kilichoitwa P57. Mwaka 1997 leseni ya kukiendeleza ilitolewa kwa kampuni ya Phytopharm ya Uingereza. Pfizer ya Marekani ilijiunga mwaka 1998 na kujitoa mwaka 2003, kisha Unilever ikachukua nafasi hiyo mwaka 2004.

Wasan hawakushirikishwa awali. Baada ya kudai haki yao, mkataba wa Machi 2003 uliwaahidi asilimia 6 ya mrabaha wa CSIR.

Wakati huo vidonge vya hoodia vilikuwa vimekwishazagaa madukani na kwenye intaneti, vikinadiwa kuwa dawa ya kupunguza unene, kabla ya ushahidi kupatikana.

Ushahidi huo ulichapishwa mwaka 2011. Wanawake 49 wenye afya njema lakini wenye uzito uliozidi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa mtindi wenye kiini cha hoodia mara mbili kwa siku kwa siku 15. Jingine likapewa mtindi usio na kiini hicho. Ulinganisho huo ni muhimu, kwa kuwa mtu anayeamini amekunywa dawa ya kukata njaa huweza kula kidogo kwa imani tu.

Matokeo yalionyesha kuwa makundi hayo hayakutofautiana kwa maana yoyote, si kwa kiasi cha chakula wala kwa uzito. Kinyume chake, waliotumia hoodia walipanda shinikizo la damu na mapigo ya moyo, vipimo vya damu vinavyohusu ini vikabadilika, na baadhi wakapata kichefuchefu na kutapika.

Unilever ilikuwa imeachana na mradi huo tangu mwaka 2008, na matumaini ya Wasan kunufaika na mauzo yake yakafifia.

Kwa mnunuzi, hasa mwenye shinikizo la damu, ni vyema kumwona daktari kabla ya kutumia vidonge hivyo.